Makumbi ya nazi na ndimu ya unga: namna ya kunasa risasi majini

Ukitaja taka za shamba hapa Tanga, mtu atakujibu mkonge. Ana haki: katika jani bichi singa (nyuzi za kamba) haizidi sana asilimia 4, kinachobaki kinatoka korona, ile mashine ya kuchambua majani, kikiwa rojo. Lakini kwa kusafisha maji yenye metali ya sumu kama risasi (ledi), mimi huchagua makumbi ya nazi. Rojo la mkonge huchacha upesi, lina saponini zinazotoa povu, na lina vijisindano vya kalisi oksaleti vinavyowasha mikono. Lipelekwe kwenye bayogesi. Kumbi lina lignini nyingi, ile inayoupa mti ugumu, kwa hiyo hukaa majini muda mrefu bila kuoza.

Chukua makumbi makavu ya nazi zilizokomaa. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yaache, kwani yamekwisha kunywa chumvi na magnesi ya bahari. Saga, chekecha, bakiza chembe za milimita 0.5 hadi 1. Unga laini hunasa haraka, ila ukiujaza kwenye bomba la chujio maji hayapiti.

Kwa gramu 100 za chembe, yeyusha gramu 8 za kostiki soda katika lita 2 za maji (vaa glavu na miwani), loweka saa 2. Soda huondoa nta na ile rangi ya kahawia ya tanini. Makumbi huelea, kwa hiyo yakandamize. Suuza mpaka pH (kipimo cha uchachu) ikaribie 7, kisha anika.

Sasa asidi ya sitriki, ile ndimu ya unga, ambayo ndiyo itakayoyapa makumbi mikono ya kushika risasi. Yeyusha gramu 81 za ile kavu kabisa, au 88 za ile yenye maji ndani ya fuwele, upate mililita 700 za mchanganyiko. Mimina juu ya makumbi. Yatafyonza karibu yote. Kausha kwa nyuzi 60 usiku kucha, kisha pandisha hadi 120 kwa saa 3.

Hatua ya nyuzi 60 ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Asidi hujishika na selulosi, yaani nyuzi za kumbi lenyewe, kwa kutoa maji; makumbi yakiingia kwenye 120 yakiwa bado mabichi, maji yaliyomo huzuia muungano huo na asidi nyingi hutoka wakati wa kusuuza. Ukizidisha moto nako, asidi hushika selulosi kwa mikono miwili badala ya mmoja, na mikono iliyotakiwa kushika risasi hupungua.

Suuza kwa maji ya vuguvugu, tena na tena. Sitrati (ile asidi ya ndimu) iliyobaki bila kushikamana huikumbatia risasi na kuibakiza majini, basi utadhani makumbi yako hayafai kumbe hukusuuza.

Kujaribu: gramu 1 katika mililita 200 za maji, pH 5 hadi 6, tikisa saa 2, chuja, pima risasi iliyobaki. Maji yakianza na miligramu 10 za risasi kwa lita yakaishia 1, kila gramu imenasa miligramu 1.8. Chini ya pH 3 hidrojeni hukalia nafasi nyingi. Ukipandisha sana pH, risasi huganda yenyewe na kutuama, nawe utasifia makumbi kwa kazi ambayo hayakuifanya. Kwa hiyo weka chupa moja isiyo na makumbi kabisa, ulinganishe.

Maji ya visima vya pwani yenye chumvi na ugumu hupunguza uwezo, kwa kuwa kalisi hugombania nafasi zilezile. Usipime kwa maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi yoyote) kisha ukatangaza matokeo ya kisima. Na usitarajie floridi wala naitreti: hizo zina chaji hasi kama makumbi yenyewe, husukumana. Vijidudu navyo havifi, na shabaha ya maji ya kunywa ni risasi isiyozidi miligramu 0.01 kwa lita, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mahali pake hasa ni maji machafu ya karakana, kabla hayajaachwa yatiririke.

Makumbi yakijaa risasi, yaloweke katika asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita): mililita 8 hivi za ile kali ya asilimia 37, uimimine kwenye maji hadi ifike lita 1, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Risasi nyingi sasa imo kwenye asidi hiyo. Ihifadhi kwenye dumu lenye lebo. Makumbi yaliyochoka yasirudi shambani, wala yasiwe kuni, maana moshi wake unabeba risasi hadi jikoni.