Taima ya kujirudia ni nini, na kwa nini uitunze namba yake

Programu za simu na tovuti muda mwingi hukaa zikisubiri: mtu aguse kitufe, ujumbe uingie, picha imalize kupakuliwa. Kila kimoja cha hivyo ni tukio. Taima ya kujirudia ni tukio ambalo programu imejipangia yenyewe: niamshe kila baada ya muda huu, mpaka niseme basi.

Katika JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, huanzishwa kwa amri ya setInterval. Unaipa kazi ya kufanya na muda kwa milisekunde. 1000 ni sekunde moja. Nayo hukurejeshea namba. Wengi wetu namba hiyo tunaiacha ipotee, na ndiyo ufunguo wenyewe, maana clearInterval, amri ya kuzima, haiwezi kuzima taima isiyoijua namba yake.

Mimi nilifunzwa na shangazi yangu. Nilitengeneza programu ya kuhesabu muda uliobaki kabla ya boti ya Pemba kuondoka bandari ya Malindi, Unguja. Kila ukifungua ukurasa wa safari, taima mpya inaanza. Ukitoka, ile ya kwanza inaendelea. Shangazi, kwa wasiwasi wa safari, alifungua na kufunga mara nyingi. Taima zote zikawa zinapunguza hesabu ile ile, kila moja sekunde yake. Akanipigia simu: "Mwanangu, boti ishaondoka? Mbona hapa naiona?" Alikuwa bandarini na mizigo yake, skrini inasoma sifuri.

Nilirekebisha mambo mawili. Ukurasa ukifungwa, taima yake inazimwa. La pili ni zito zaidi: niliacha kupunguza sekunde moja kila taima inapolia. Sasa taima ikilia, programu inatazama saa ya simu na kukokotoa upya muda uliobaki.

Sababu ni kwamba taima haiahidi wakati, inaahidi nafasi kwenye foleni. Mtazame muuza kahawa wa Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe, mwenye dele moja. Ukifika akiwa anammiminia mwenzako, utangoja hata kama zamu yako imefika. JavaScript nayo hushughulikia tukio moja kwa wakati. Kazi nzito ya sekunde tatu ikishika njia, taima ya kila sekunde itachelewa. Na ukurasa ukifichwa nyuma, kivinjari huzipunguzia taima zake kasi ili kuokoa betri.

Kama kazi ni kuuliza seva kila sekunde 5 na mtandao umezorota hadi jibu linachukua 8, maombi yatapandana. Hapo tumia setTimeout, inayolia mara moja tu, na uipange tena jibu likishafika.

Muda nao una ukomo: milisekunde 2147483647, kama siku 24.8. Ukiiagiza taima ikukumbushe Ramadhani baada ya siku 30, kwenye kivinjari italia papo hapo.