Faida halisi: kipimo cha akiba ya uzeeni

Faida halisi ni ile sehemu ya faida ya akiba yako inayobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Skimu ya pensheni ikitangaza faida ya asilimia 9 kwa mwaka, na bei zikawa zimepanda kwa asilimia 6, faida halisi ni kama asilimia 3. Bei zikipanda kwa asilimia 12, akiba imepungua, hata kama taarifa ya mwisho wa mwaka inaonyesha pesa nyingi kuliko za mwaka jana.

Watu wengi hapa Mombasa huupangia uzee kwa kutaja kiasi: nikistaafu nitashika milioni mbili. Milioni mbili za lini? Ukitaka makadirio ya haraka, gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, huchukua miaka 12 hivi kuongezeka maradufu. Kijana anayeanza kazi ya hoteli Nyali akiwa na miaka 24 na kustaafu akiwa na 60 ataona bei zikijirudufu mara tatu, yaani cha shilingi mia leo atakinunua kwa mia nane. Milioni mbili zake zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 250,000.

Asilimia 6 nayo ni makadirio ya hali tulivu. Lengo la Benki Kuu ya Kenya ni asilimia 5, kukiwa na nafasi ya kupanda hadi 7.5. Novemba 2011 mfumuko ulipita 19, na Oktoba 2022 ulikuwa 9.6. Tena hizo ni takwimu za nchi nzima, zinazochanganya bidhaa za kila aina. Kikapu cha mzee wa Kisauni kina dawa za presha, unga, na mitungi ya maji ya mkokoteni pale mfereji unapokauka. Nauli ya feri ya Likoni haimsumbui, maana anayevuka kwa miguu halipi, lakini dawa hazina feri ya bure. Ni vyema kila mtu aweke rekodi ya bei zake mwenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Miaka 20 ya makato hayo ni 96,000, kabla ya faida. Mshahara ulipanda, bei zikapanda, 200 ikabaki pale pale. Tangu Februari 2023 makato ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri anatoa kiasi hicho hicho, hadi kikomo kilichowekwa. Waliolalamika kwamba mshahara wa mkononi umepungua walisema kweli. Hata hivyo naona hasara iliyokuwa kubwa zaidi ni ile ya zamani, ambayo haikuonekana popote kwenye hati ya mshahara.

Wasio na mwajiri nao hukutana na jambo hilo hilo. Mpango wa Mbao, skimu ya akiba ya uzeeni, ulianza 2011 ukilenga watu wa jua kali, kwa shilingi 20 kwa siku. Ni mwanzo mzuri, ila ishirini ya wakati ule si ishirini ya leo, na anayeendelea kuweka kiasi kile kile anaweka kidogo zaidi kila mwaka bila kujua. Isitoshe, kazi za mji huu hukatika. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli nyingi za Pwani, michango ya vibarua wa hoteli hizo ilikatika pia, na hakukuwa na pesa mpya ya kuzalia faida.

Kwa sababu hiyo wengi huiamini nyumba kuliko skimu. Unajenga vyumba vya kupangisha Mikindani au Likoni, na bei zikipanda unapandisha kodi. Kwa upande wa mfumuko, hoja hii ina nguvu. Lakini toa miezi ambayo chumba kiko wazi, toa mabati yaliyoliwa na chumvi, toa mpangaji aliyehama usiku. Kuna pia jambo letu la Pwani: nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unalipia kukikalia. Mwenye ardhi akiuza, au warithi wake wakija na mipango mingine, ile pensheni yako ya matofali inaingia kwenye kesi. Kabla ya kuhamishia kiinua mgongo kwenye saruji, nenda kwanza ukatafute hati ya kiwanja.

Kwa anayeepuka riba hesabu haibadiliki. Benki zinazofuata sharia hugawa faida ya biashara, na faida hiyo nayo inapimwa dhidi ya bei za sokoni Kongowea.

Pahali panaposahauliwa sana ni baada ya kustaafu. Skimu ya pensheni hukuruhusu kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo. Iliyobaki inakuwa malipo ya kila mwezi, mara nyingi kwa kununua mkataba kwenye kampuni ya bima. Mkataba wa 20,000 zisizobadilika unapendeza ukiwa na miaka 60. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ukifika 72 unanunua vitu vya 10,000. Ipo mikataba ambayo malipo yake huongezeka kila mwaka, lakini huanza chini, labda 13,000 au 14,000 badala ya ile 20,000, na wakala hataitaja kama hukumuuliza. Mwambie akuandikie zote mbili kwenye karatasi moja, pamoja na kiasi utakachopokea ukiwa na miaka 75, kabla ya kutia sahihi.