Msiniulize tena gawio ni asilimia ngapi

Kila nikifundisha wanachama wa SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, swali ni lile lile: "Mwalimu, wenzetu wametoa gawio la asilimia 15, sisi kwa nini 6?" Juzi limeulizwa tena, safari hii na mjumbe wa bodi. Mjumbe wa bodi! Nimechoka kujibu mmoja mmoja, sasa naandika.

Gawio, yaani faida wanayogawana wanachama kwa kadiri ya hisa zao, halidondoki na mvua. Kwenye SACCOS ya kawaida mapato makubwa ni riba ya mikopo, na wakopaji ni ninyi wenyewe. Tuchukue wanachama wawili. Mzee mwenye nyumba za kupangisha ana hisa za shilingi milioni 2 na hajawahi kukopa. Mama muuza mboga ana hisa za 200,000, na amekopa milioni 3 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani riba hutozwa kwenye deni lililobaki tu. Mama atalipa riba ya 292,500. Mwisho wa mwaka bodi inatangaza gawio la asilimia 10, ukumbi mzima vigelegele. Mzee anaondoka na 200,000, mama na 20,000. Mama naye kapiga vigelegele, wakati hela ni yake na nyingi imeenda kwa mwenzake. Riba ingeshushwa hadi asilimia 1 kwa mwezi, angelipa 195,000 tu. Hiyo ni 97,500 inayobaki kwenye mtaji wake wa mboga mwaka mzima, bila kungoja mkutano mkuu.

Kwa hiyo ukiniambia chama fulani kinatoa asilimia 15, mimi nauliza kwanza: kinakopesha kwa ngapi? Na nani anakopa?

Hili si jambo nililolibuni. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, waliweka kikomo kwenye riba ya mtaji wa hisa, na ziada wakagawana kwa kadiri kila mtu alivyonunua. Aliyenunua unga mwingi alirudishiwa zaidi. Mwenye hisa nyingi alikuwa na kura moja kama mwenzake. Tena duka lenyewe lilikuwa hatua ya kwanza tu. Kwenye malengo yao waliandika kujenga nyumba za wanachama, kuanzisha viwanda, kulima ardhi na mwishowe kuwa na makazi yao yanayojitegemea. Waliandika hata hoteli isiyouza pombe (hapo sijui wangepata wanachama wangapi kwetu). Watu waliokuwa wakihangaika na mshahara wa kiwandani walikaa chini kupanga jamii nzima, siye tukikaa tunapanga gawio.

Najua mtasema: "Hayo ni ujamaa, tulishayaona." Hapana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu chao cha ushirika, ikafuata 1933, kabla Azimio la Arusha halijaotwa hata ndotoni. Kuhamishwa kwa nguvu vijijini kulikuja baadaye, na serikali hiyo hiyo iliyohamisha watu ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikaja kuvirudisha kwa sheria ya 1982. Ushirika wa hiari usibebeshwe mzigo wa amri ya mkuu wa wilaya. Tuendelee.

Chama ambacho hakijajengwa juu ya kulimbikiza kingejipima kwa nini? Mimi ningeanza na mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kuumiza. Mwaka huu wanachama wangapi wameachana nayo? Wangapi wamelipa ada kwa mkopo wa elimu badala ya kuuza shamba? Wadhamini wangapi wamekatwa akiba zao kwa deni la mtu mwingine? Hilo la mwisho hakuna bodi inayopenda kulisoma mbele ya mkutano. Ila ukaguzi wetu hufungua mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya chama, na mizania haina safu ya mama aliyelala usingizi. Tukiiweka, mameneja watajifunza kuijaza uongo kama wanavyojaza fomu nyingine. Sina dawa ya hilo.

Kuna na jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka. Mkopo wa yule mama unatoka kwenye akiba na amana, na mwenye amana kubwa ni yule mzee. Ukibana sana anachopata, hisa zake zitabaki lakini amana atahamishia benki, kisha foleni ya mikopo inakuwa ya miezi. Nimeona vyama vyenye riba ndogo ya kupendeza na kasha tupu. Mzee apewe nini ili abaki, zaidi ya pesa? Wengine hubaki kwa sababu ya heshima, wengine kwa sababu ya mfuko wa misiba. Asilimia gani hasa inatosha, kila chama kitapapasa chenyewe.

Ninachowaomba ni kimoja: mkiandaa makisio ya mwaka ujao, andikeni kwanza riba ya mkopo ambayo mkopaji wenu wa chini anaimudu, na kiasi cha kumbakiza mwenye amana. Ondoeni gharama na akiba ya lazima ya chama. Kitakachobaki ndicho gawio, hata kikiwa asilimia 2.