Je, wajua kwa nini tundu la pipa lina nguvu kuliko maandishi yake?

Tamasha la sanaa la mtaani limekwisha, jukwaa linabomolewa, na vijana wawili waliojitolea wanafungua pipa lililoandikwa kwa herufi nene: CHUPA NA MAKOPO TU. Chupa zimo, ndiyo. Zimo pia sahani za karatasi zenye mabaki ya chakula, leso zilizotumika, brashi iliyogandiana kwa gundi, na juu ya hayo yote mtu amemimina soda iliyomshinda. Mzigo mzima unapakiwa kwenye lori la taka. Hapo waandaaji huanza kulalamika kwamba watu hawajali. Mimi siwaungi mkono. Anayetafuta pa kutupa kitu hasomi pipa, analikagua umbo tu, tena kwa jicho moja.

Hili limepimwa. Mwaka 2009 watafiti Sean Duffy na Michelle Verges walichapisha matokeo ya jaribio la mapipa ya kurejeleza taka: mengine yalikuwa na mifuniko yenye matundu maalumu, mengine hayakuwa nayo. Penye mifuniko hiyo, chupa na makopo yaliyotupwa mahali pake yaliongezeka kwa asilimia 34, na taka zisizotakiwa zikapungua kwa asilimia 95.

Mfikirie mtu mwenye sahani iliyobebeshwa kopo tupu. Macho yako jukwaani, maana ngoma imekolea. Akikuta pipa lililo wazi, anatumbukiza vyote na kugeuka. Akikuta tundu la duara, sahani inagoma kupita. Ni hapo tu ndipo anapoinama kutazama, analitia kopo tunduni na sahani anaipeleka pipa la pembeni. Kizuizi kidogo hicho kimefanya kazi ambayo bango lenye rangi tano lisingeifanya.

Na hakigharimu kitu. Chukua boksi gumu, lifunge juu, kisha kata duara lenye upana wa kama sentimita 10. Kopo litapita, na hata chupa ya lita moja na nusu. Boksi la karatasi likatie ufa mrefu mwembamba. La taka za kawaida liache mdomo wazi. Ukipata mfuko unaoonyesha ndani, utundike badala ya kuficha yaliyomo, kisha tia chupa chache safi kabla wageni hawajafika. Watu huiga wanachokiona: sahani moja ikitangulia, zitafuata ishirini.

Kosa linalonikera zaidi ni pipa la kurejeleza kusimamishwa peke yake. Pipa la taka za kawaida likiwa mbali, hili litageuzwa la kila kitu, mfuniko uwe na tundu usiwe nalo. Yaweke yagusane, daima. Afadhali vituo vitatu vilivyokamilika kuliko mapipa kumi yaliyotawanywa uwanjani kama mbuzi waliokata kamba.

Kuna adui mwingine ambaye wapangaji humsahau: vimiminika. Chupa 40 zilizobaki na robo lita kila moja ni lita 10, yaani takriban kilo 10 za maji matamu ndani ya mfuko mmoja. Mfuko unapasuka, nyuki wanakuja, na karatasi za jirani zinalowa. Tanguliza ndoo yenye chujio mbele ya mapipa, mtu amwage kwanza ndipo atupe. Karatasi yenye mafuta nayo haifai, kwa sababu kiwandani karatasi husagwa ndani ya maji hadi iwe rojo, na mafuta hung'ang'ania kwenye nyuzi zake. Vioo vilivyovunjika vipe ndoo ngumu ya peke yake, basi.

Ila kabla hujashika kisu cha kukatia maboksi, zungumza na atakayeuchukua mzigo. Usitegemee alama ya kurejeleza, ile ya mishale mitatu inayofuatana. Mishale hiyo ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, kwa ajili ya shindano la kampuni ya karatasi. Namba 1 hadi 7 zilizowekwa kwenye plastiki tangu mwaka 1988 hutaja aina ya plastiki tu, haziahidi kwamba kuna anayeitaka. Muulize mnunuzi anachukua nini, kikiwa katika hali gani, na siku gani. Asichokichukua usikitengee boksi. Vikombe vinavyouzwa kama vya kuoza hasa vitakuponza: vingi vinafanana kabisa na plastiki ya kawaida, vinaiharibu vikichanganywa nayo, na vile vya PLA, plastiki inayotokana na mimea, huhitaji joto la mtambo wa mboji ndipo vioze vizuri.

Makopo yapokee kwa mikono miwili. Kuyeyusha aluminiamu iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye mawe ya boksiti. Kama huna hakika ni aluminiamu au chuma, leta sumaku. Chuma kitanasa, aluminiamu haitanasa.

Sasa taka za wasanii wenyewe. Rangi ya akriliki ni plastiki iliyomo ndani ya maji, kwa hiyo maji ya kuoshea brashi yasimwagwe mtaroni. Yaache kwenye ndoo siku moja au mbili, sehemu ya rangi itatuama. Yachuje kwa kitambaa, kisha kausha masimbi na uyatupe. Chengachenga zile za kumetameta nyingi ni plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu, nazo zikigusa gundi na karatasi hakuna wa kuzibandua. Karatasi za meza ya watoto, basi, zihesabu kuwa taka za kawaida tangu asubuhi. Na ukitaka watoto hao wawe na kazi ya maana, wape maboksi ya vituo wayapake rangi wapendavyo, yatatumika tena tamasha lijalo. Tundu likate wewe.