Mpira mkubwa wa mazoezi: majibu kwa majirani wanaoanza

Tangu nianze kufanya mazoezi na ule mpira mkubwa wa kujaza upepo na kukalia, barazani kwetu Chumbageni hapa Tanga, majirani wananiuliza sana, kuna anayeniita pale nje na kuna anayenifata mpaka sokoni, alafu wengi wameshanunua wa kwao ila upo kona unapigwa vumbi kwasababu walikaa mara moja wakadondoka wakaogopa. Mimi sio daktari, nilifundishwa na mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) baada ya mgongo kunisumbua muda mrefu, na yale ya uzee na ujauzito nilimuuliza kwanza ndo nikaandika hapa.

Mbona nikikaa tu mpira unanikimbia?

Mara nyingi ni vitu vitatu. Umejazwa upepo mpaka umekua mgumu kama jiwe, au upo juu ya marumaru zilizopigwa deki sasa ivi, au we mwenyewe umekaa kwenye ukingo badala ya katikati. Mpira mgumu unagusa sakafu sehemu ndogo sana kwahiyo unabiringika kirahisi, ukiupunguza upepo kidogo unabonyea chini na unatulia, anayeanza anatakiwa aanze na uliolegea kidogo. Tandika mkeka wa raba au zulia lisiloteleza, kaa peku, soksi hapana kabisa. Na kwa dada zangu wa Tanga, dera na kanga ndo zinatuangusha kuliko kitu chochote, ile pindo inaingia chini ya mpira ukitaka kusogeza mguu inakuvuta, vaa suruali ya kubana au funga dera juu ya magoti.

Siku ya kwanza nifanye nini hasa?

Weka mpira kwenye kona ya chumba, kuta mbili ziuzuie nyuma na ubavuni, na mbele weka kiti kizito ambacho hakitelezi. Shika kiti, kaa taratibu katikati ya mpira, nyayo zote chini na uzipanue kuzidi upana wa nyonga. Tulia hapo. Angalia kitu kimoja ukutani usawa wa macho, usiangalie miguu, ni kama baskeli tu, anayeangalia tairi la mbele ndo anayeingia mtaroni. Pumua kawaida, wengi wanabana pumzi bila kujua na mwili wote unakakamaa, mwili uliokakamaa hauwezi kujirekebisha. Ukizoea anza kusogeza nyonga mbele na nyuma kidogo, alafu kushoto kulia, alafu kaduara kadogo. Dakika tano zinatosha, shuka ukapumzike.

Mimi nilikaa kwenye hatua hii wiki mbili nzima na sijutii hata siku moja.

Baada ya hapo ndo unatoa mikono kwenye kiti unaiweka mapajani, kisha unaikunja kifuani. Ukiona umetulia inua kisigino kimoja, kesho yake inua unyayo mzima kimo cha vidole viwili vya mkono tu kutoka chini, hesabu mpaka tano, badilisha mguu. Kusogeza miguu ikaribiane ni hatua ngumu kuliko inavyoonekana, na kufumba macho ni ngumu zaidi, usifumbe kama huna mtu pembeni.

Natetemeka sana, je ni dalili mbaya?

Hapana, na hili swali nalipenda kwasababu hapa ndo watu wengi wanakata tamaa. Mwili unajua ulivyokaa kwa njia tatu: macho, sikio la ndani ambalo lina mirija mitatu midogo yenye majimaji inayohisi kichwa kikigeuka, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo, viungo na misuli. Ukikaa kwenye kiti cha mbao taarifa hazibadiliki, ukikaa juu ya mpira zinabadilika kila sekunde, sasa ubongo ambao haujazoea unarekebisha kwa nguvu mno, unapitiliza kushoto unarudi unapitiliza kulia, ndo huko kuyumba. Kumbuka ulivyokua unajifunza baskeli, mwanzo usukani ulikua unakwenda huku na huku barabara nzima, ukaja ukanyooka wenyewe bila kukumbuka ni siku gani. Kule kuyumba ndo kujifunza kwenyewe, na misuli ya ndani ya tumbo na ile midogo inayoshika uti wa mgongo inafanya kazi wakati huohuo. Ila kizunguzungu, maumivu makali au ganzi mguuni ni kitu kingine, hapo acha uende hospitali.

Nichukue saizi gani, na upepo najazaje?

Ukikaa, paja liwe sawa na sakafu au nyonga iwe juu kidogo ya goti. Kwa kawaida mtu wa sentimita 155 mpaka 170 anachukua mpira wa sentimita 55, kuanzia 170 mpaka 185 anachukua wa 65, aliyezidi hapo 75. Soma pia uzito unaobebwa na mpira wenyewe. Kujaza usipeleke kwa fundi akakujazia na kompresa mpaka ulie, tumia pampu ya mkono, jaza usifike mwisho, uache siku moja unyooke alafu uongezee. Pima kwa kuusogeza ukutani, weka kitabu juu kikae sawa, weka alama ukutani kisha upime kwa futi kamba kutoka sakafuni. Na joto letu la Tanga mnalijua, usiuache juani mana upepo wa ndani unatanuka, na ukitokwa na jasho ufute mpira kwa kitambaa kabla hujakaa tena.

Utaniondolea kitambi?

Hauyeyushi mafuta ya tumbo, nasema ukweli. Kwa hilo tembea kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi, na chakula ukiangalie.

Nikae nao ofisini badala ya kiti?

Sikushauri kutwa nzima. Misuli ikichoka unajikunja na mgongo unaumia zaidi, dakika kumi kumi zinatosha.

Mama yangu ana miaka 68, anaweza?

Mazoezi ya balansi anayahitaji, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wayafanye siku tatu au zaidi kwa wiki. Lakini sio lazima aanzie kwenye mpira. Aanze kusimama ameshika meza ya jikoni, ainue mguu mmoja mmoja. Kama mifupa yake ni dhaifu, alishawahi kuanguka, au dawa za presha zinampa kizunguzungu, amuone daktari kwanza, na siku atakayokaa kwenye mpira awepo mtu wa kumshika.

Na mjamzito je?

Wajawazito wengi wanautumia kupunguza maumivu ya nyonga, ila tumbo likikua uzito unahamia mbele na balansi inabadilika, kwahiyo amwambie mkunga wake kliniki, na akae akiwa na mtu karibu.

Kwenye video wanapiga magoti juu yake, nitafika lini?

Hiyo sio ya anayeanza na huhitaji kufika huko ili mgongo ufaidike. Kama unaitaka kweli, kwanza uweze kukaa mguu mmoja juu sekunde thelathini kila upande bila kushika kitu, kisha ujaribu ukiwa na mtu amesimama mbele yako, pembeni pasiwe na meza ya kioo wala jiko la mkaa. Na ukimaliza uweke mpira ndani ya beseni kubwa au tairi la zamani, ukiuacha sakafuni upepo wa jioni unausukuma mpaka mlangoni na mtu akitoka na sufuria la chai ya moto hauoni.