Somo la hiari: hiari ya nani?

"Fizikia ni ya hiari, iache tu." Mtoto akikaribia kuingia kidato cha tatu, kila mjomba na kaka mkubwa ana sentensi hii mdomoni.

Somo la hiari ni somo ambalo shule inakuruhusu kuliacha na bado ukafanya mtihani, ukapata cheti. Maana imeishia hapo. Katika mtaala ambao wengi wetu tumeusoma Tanzania, baiolojia ilikuwa lazima mpaka kidato cha nne. Fizikia na kemia ukishavuka cha pili ungeweza kuziacha.

Kinachoniudhi ni watu kuichukua ruhusa ya sekondari na kuitembeza hadi mlango wa chuo. Chuo hakikutoa ruhusa hiyo. Udaktari wa binadamu katika vyuo vikuu vyetu unadai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita, na PCB (mchepuo wa masomo hayo matatu) huendi bila fizikia ya cha nne. Stashahada ya utabibu nayo inaidai. Uhandisi usiseme. Lakini vuka mpaka wa Namanga: Kenya, kwa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), mwombaji wa udaktari hupimwa kwa baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hiyo "au" ya kwanza ndiyo inayompitisha aliyeacha fizikia. Taaluma ni ileile, majibu mawili. Na anayetaka sheria hataulizwa fizikia popote, si huku wala kule.

(Tena mara nyingi hiari yenyewe ni jina tu. Shule haina mwalimu wa fizikia wala maabara, halafu mtoto anaambiwa "amechagua" sanaa.)

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema aliyeacha fizikia ni mbumbumbu wa sayansi. Hapana. Miaka miwili amesoma msongamano, kanuni ya Archimedes, mashine rahisi, na baiolojia anaendelea nayo. Anachokosa ni mawimbi, sumakuumeme, mionzi na sehemu kubwa ya umeme. Hilo ni pengo la maarifa, na linazibika kwa kusoma: jioni moja inatosha kuelewa kwamba uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni kilowati-saa moja, yaani pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima. Pengo la cheti ni jambo jingine. Hata ukiijua fizikia kuliko mwalimu, bila ufaulu ulioandikwa itabidi ukafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukiwa na umri wa kuona aibu kukaa na watoto.

Kwa hiyo, kaka, usimwambie mdogo wako kwamba fizikia haina kazi kwa kuwa ni ya hiari. Mwambie anaweza kuiacha na cheti cha kidato cha nne akakipata. Kisha mfungulie mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ukurasa wa kozi anayoitamani, asome sifa zake mwenyewe kabla hajajaza fomu ya kuchagua masomo.