“Morfini Ndiyo Iliyommaliza”: Dhana Potofu Kuhusu Dalili za Siku za Mwisho za Mgonjwa

Anayeuguza mtu aliye ukingoni hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na maneno ya wanaokuja kumjulia hali mgonjwa. Mpeni uji. Mbona hamjamwekea dripu? Hiyo morfini ya maumivu ndiyo inayommaliza. Wanasema kwa upendo, lakini dhana zenyewe si sahihi, na huyo anayeuguza hubaki akijilaumu miaka mingi baada ya mazishi.

Kwanza angalizo. Haya yanamhusu mgonjwa ambaye tayari inajulikana kwamba ugonjwa wake umefika mwisho. Kwa mwingine, kukataa kula au kuchanganyikiwa ghafla kunaweza kuletwa na maambukizi, vidonda vya mdomoni au dawa anazotumia, na hayo yana tiba.

“Anakufa kwa sababu hataki kula.”

Ni kinyume chake: hataki kula kwa sababu anakufa. Mwili unaofunga kazi zake haudai tena chakula, na njaa huondoka. Kumlazimisha ni hatari, maana nguvu ya kumeza imepungua. Uji hupita njia ya hewa, akapaliwa, akapata nimonia. Dripu nayo mara nyingi haimfai. Moyo na figo zilizochoka hushindwa kuyatoa maji hayo, yakaishia kuvimbisha miguu au kujaa kifuani. Kinachomkera zaidi ni ukavu wa mdomo. Chovya kitambaa safi katika maji, kikamue, kipitishe kwenye ulimi na fizi mara kwa mara, na umpake mafuta kidogo midomoni. Akiomba maji na bado anameza vizuri, mpe matone machache machache.

“Anakoroma hivyo kwa kuwa anakabwa.”

Sauti hii ndiyo inayowatoa watu chumbani. Ni mate na makohozi tu, ambayo mwenye fahamu huyameza bila hata kujua. Kwake yamekusanyika kooni, na hewa ikipita inayatikisa. Kwa kawaida kufikia hapo ameshazama katika usingizi mzito na haonyeshi kuteseka. Tazama paji la uso: likiwa halijakunjamana, sauti hiyo inakuumiza wewe kuliko yeye. Mlaze ubavu. Mashine ya kunyonya makohozi mara nyingi humsumbua bure.

Kuna pia pumzi za vipindi: zinakuja haraka haraka, zinafifia, zinakatika hata nusu dakika, kisha zinarudi. Madaktari huziita kwa majina ya John Cheyne na William Stokes, waganga wa Dublin wa karne ya 19 waliozieleza. Ndugu hujikuta nao wamebana pumzi wakihesabu.

“Morfini ndiyo iliyommaliza.”

Kwangu hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Morfini huanzishwa au kuongezwa maumivu na kuhema vinapozidi, yaani wakati mauti yamekaribia hata kama isingetolewa. Dozi ya mwisho lazima itangulie kifo. Kutangulia si kusababisha. Ikianzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa kulingana na maumivu, haiharakishi kifo. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, hospisi yaani nyumba ya kutunzia wagonjwa walio ukingoni, jijini London mwaka 1967, alisisitiza itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Anayeificha dawa hiyo kabatini kwa hofu anamwachia mgonjwa maumivu.

“Anaongea na marehemu mama yake, akili zimeruka.”

Watafiti wa hospisi ya Buffalo, Marekani, waliwahoji wagonjwa 59 siku kwa siku na kuchapisha matokeo mwaka 2014: asilimia 88 walikuwa na angalau ndoto au maono moja, na yale ya waliotangulia ndiyo yaliyowaliwaza zaidi. Basi usimsahihishe. Muulize anamwona nani. Ila akivutavuta shuka, akang'ang'ania kushuka kitandani, uso umejaa woga, hilo ni jambo jingine na muuguzi aambiwe. Wakati mwingine ni kibofu kilichojaa tu.

“Amekaa, ameomba chai, kumbe anapona!”

Nafuu ya ghafla baada ya siku za ukimya hutokea, na mara nyingi hudumu saa chache au siku moja hivi. Sioni sababu ya kumkataza mtu asifurahi. Waiteni wanaotaka kumsikia, leo hii, si wikiendi.

“Hasikii tena.”

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi wasioitikia tena, na baadhi yao ubongo ulijibu sauti kama wa watu wazima wenye afya. Hilo halithibitishi kwamba walielewa maneno. Linatosha kuwafanya ndugu wasigombanie mirathi kando ya kitanda.

“Daktari anajua siku.”

Katika utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2000, asilimia 20 tu ya makadirio ya madaktari ndiyo yaliyokaribia ukweli, na mengi yalitoa muda mrefu kuliko uliokuwapo. Mwili husema wazi zaidi ukiwa umebakiza siku mbili tatu au saa: mkojo unapungua, magoti na nyayo zinaota mabaka ya zambarau, mapigo ya kwenye kifundo cha mkono hayashikiki, kidevu kinashuka kwa kila pumzi.

“Akikata roho, kimbilieni gari.”

Kifo kilichotarajiwa si dharura. Pumzi moja au mbili zinaweza kuja baada ya ile uliyodhani ya mwisho, kwa hiyo subiri. Tazama saa, mfumbe macho, kaa naye kadiri unavyotaka. Muuguzi atapigiwa simu baadaye.